Mitego ya Karatasi Nyumbani kwa Bibi Hosiyat

Maboksi yalirudi asubuhi, Munzifa akiwa bado ana unga mikononi. Mnunuzi wa mjini Khujand hakuja mwenyewe. Alimtuma dereva, na dereva naye, sijui kwa aibu au kwa haraka, aliyashusha langoni, akasema, "Bosi anawasalimu," akaondoka bila kunywa hata chai.

Naimjon, mume wa Munzifa, alipasua boksi moja kwa kisu. Juu kulikuwa na aprikoti kavu, rangi ya asali, zimelala safu kwa safu kama mkewe alivyozipanga. Alipotia mkono chini, aliutoa umevikwa nyuzi nyeupe nyembamba, na kiwavi mmoja mnene akawa anapanda kidole chake bila wasiwasi wowote.

"Nondo," akasema Naimjon kwa sauti ya chini. "Aprikoti za kwa Hosiyat zina nondo."

Alinong'ona bure. Mama yake alikuwa na kisukari, magoti mabovu na meno ya kuhesabika, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana. Bibi Hosiyat alitokea barazani amejifunga shali, akaliangalia boksi, kisha akamwangalia mkwe wake.

"Nilisema mimi," akasema. "Unga wa Konibodom huo."

Munzifa alizaliwa Konibodom, mji wa jirani, ambao watu wake nao huapa kwamba aprikoti zao hazina mfano. Alikuwa ameolewa hapa Isfara miaka mingi, ana watoto wanaosoma shule, lakini mbele ya mama mkwe wake alibaki kuwa mwana wa Konibodom, na kila kilichoharibika nyumbani kilikuwa kimekuja na gari moja naye. Kila vuli mama yake mzazi alimtumia gunia la unga. Sasa gunia lilikuwa limepata kesi.

"Mama, unga huo tunaula tangu mwezi uliopita. Wewe mwenyewe uliusifu mkate wake."

"Niliusifu kwa adabu."

"Ulikula vipande vitatu."

"Ndiyo adabu yenyewe hiyo."

Utani ule haukumfurahisha Munzifa siku hiyo kama siku nyingine. Jina la nyumba lilikuwa limejengwa na ulimi wa bibi huyu. Tangu ujanani, wakulima wa vijiji vya juu, Vorukh, Chorkuh na Surkh, walimletea magunia yao kila Julai, yeye akaonja moja, akafumba macho, akatamka bei na sifa, na hakuna aliyebisha. Kisha majira ya kuchipua ya mwaka jana alianguka uani, midomo mikavu, hajui yuko wapi. Daktari alimpiga marufuku kugusa kitu kitamu. Kazi ya kuonja ikamwangukia Naimjon, ambaye kila aprikoti aliyoitia mdomoni aliiita nzuri. Bibi Hosiyat alilipokea lile katazo kwa fahari kubwa. Halua ikipita mezani, aliisukuma mbali kwa ncha ya kidole, kama hakimu anayekataa rushwa mbele ya watu.

Siku hiyohiyo Munzifa alikwenda sokoni kwa Shoista. Walisoma darasa moja, na sasa Shoista alikuwa na kibanda cha dawa za mashamba na sauti nene iliyosikika vibanda vitano mbele.

"Leta nimwone," akasema Shoista, akachukua kichupa alichokuja nacho Munzifa, chenye nondo mmoja mdogo, mabawa yake nusu ya kijivu, nusu ya rangi ya shaba. "Ee, huyu namjua. Anapenda matunda makavu, lozi, unga, kila kitu kizuri. Ana ulimi kuliko mama mkwe wako."

"Nipe dawa."

"Dawa kwenye chakula? Utawamaliza wateja kabla ya nondo." Alitoa chini ya meza vibanda vidogo vya karatasi ngumu vilivyokunjwa pembe tatu, ndani vimepakwa gundi, pamoja na pakiti ya vidonge vya mpira. "Hiki kidonge ni jike."

"Jike gani?"

"Harufu ya nondo jike. Madume wakiinusa wanaacha shughuli zote. Hawaulizi sura, hawaulizi ukoo. Wanaingia, wananata, kwisha habari."

"Na majike?"

"Majike wana akili, shoga. Wanabaki nyumbani wanataga. Ndiyo maana mtego hautawamaliza nondo wako, usije ukanilaumu. Kazi yake ni kukuonyesha walipo. Tundika huku na huku, uone upi unajaa. Unaojaa, sogeza wenzake karibu nao. Fuata hivyohivyo mpaka ufike kwenye gunia lenyewe. Lakini usishike kidonge kwa mkono mtupu. Harufu ile haisikii sabuni."

Munzifa alirudi na mitego. Mama mkwe wake alimtaka aeleze mara mbili, ingawa ilikuwa wazi kwamba ameelewa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo umeniletea malaya nyumbani kwangu."

"Ni harufu tu, Mama."

"Wote huanza hivyo."

Mitego ilitundikwa ghalani, kwenye banda la kuchambulia, jikoni juu ya pipa la unga, na mmoja kwenye ujia wa kuelekea vyumbani. Munzifa alitumia kibano. Naimjon, aliyejitolea kumsaidia, alitumia vidole, kisha akajifutia kwenye mkono wa koti lake, na alipokumbushwa maneno ya Shoista akasema mtu mzima hawezi kuogopa kipande cha mpira.

Jioni walikula pilau chumbani kwa Bibi Hosiyat, kwa sababu ndicho chumba chenye joto. Baridi ya Novemba ilikuwa imeanza kuuma, na wote waliingiza miguu chini ya meza fupi iliyowekewa jiko la mkaa, wakajifunika mfarishi hadi kiunoni. Kabla sahani haijafika nusu, nondo mmoja alitua kwenye kofia ya Naimjon. Wa pili akashika mkono wa koti. Wa tatu akawa anamzungukia kichwani, akipiga mabawa kama aliyepungukiwa na pumzi. Naimjon aliwapunga, wakarudi. Watoto walicheka mpaka wali ukawapalia.

"Mwanangu," akasema Bibi Hosiyat, "tangu nikuzae sijaona ukipendwa hivi."

"Na mimi je, Mama?" akauliza Munzifa.

"Wewe uliozeshwa. Hawa wamekuja kwa hiari yao."

Munzifa alicheka na wenzake, lakini mkono wake ulibaki juu ya sahani. Ghala lilikuwa ng'ambo ya ua, mlango umefungwa, na nje maji ya ndoo yalikuwa yanaanza kuganda. Wageni hawa watatu walikuwa wametoka wapi?

Aliisubiri mitego.

Baada ya juma moja alipita kuikagua. Ghalani, ambako wote walitarajia msiba, walikuwa wamenata wachache tu. Banda la kuchambulia, wachache zaidi. Jikoni, juu ya pipa, gundi ilikuwa safi inang'aa kama siku iliyonunuliwa. Munzifa aliuchukua mtego huo kwa mikono miwili, akampelekea mama mkwe wake kama anayepeleka cheti cha shule.

"Naomba uutazame mtego wa unga wa Konibodom, Mama."

Bibi Hosiyat alivaa miwani. Aliugeuza mtego huku na huku, akauchungulia ndani kwa muda mrefu.

"Hata nondo hawautaki," akasema.

Lakini mtego wa kwenye ujia ulikuwa umejaa. Munzifa aliuteremsha mwenyewe, na vumbi la mabawa likamng'aa vidoleni. Alifanya alivyoelekezwa. Mmoja aliuweka kwenye mlango wa chumba cha wageni, mwingine mlango wa watoto, mwingine mlango wa Bibi Hosiyat. Haikuchukua muda. Miwili ya kwanza ilipata nondo wa kuokoteza. Ule wa mlango wa bibi ulijaa mpaka madume waliochelewa wakawa wanawakanyaga waliotangulia.

"Mama, nataka kutundika mmoja ndani."

"Ndani mwangu kuna nini? Msahafu, magodoro na dawa zangu. Nondo hawana kisukari."

"Nitundike tu, usiku mmoja."

"Nikilala na kitu kile juu ya kichwa, nikifa nitamwambia nini marehemu baba yake Naimjon?"

Mtego haukuingia. Tena, tangu siku hiyo Bibi Hosiyat hakutoka chumbani. Alikaa juu ya sanduku lake kubwa la bati alilokuja nalo alipoolewa, amelitandikia magodoro membamba, shali mabegani, tasbihi mkononi. Alitaka chai aletewe hapohapo. Jirani alikuja kumwita kwenye harusi, harusi yenye ngoma, naye akasema magoti yanamuuma. Hosiyat kukataa harusi! Naimjon alipata hofu ya kweli. Alileta kile kipimo kidogo cha damu, akamchoma mama yake kidole, akasoma namba, akakunja uso.

"Sukari imepanda. Imepanda sana." Alimgeukia mkewe. "Unampikia nini?"

"Supu. Dengu. Kabichi. Wewe si unakula naye?"

"Sasa imepandaje?"

Nyumba ile kila kitu kikipanda, lawama zilimshukia Munzifa. Aliokota vyombo, akaenda navyo jikoni. Aliviosha polepole. Akiwa na bakuli la tatu mkononi alisimama, maji yanamdondoka viwikoni. Nondo wanatoka chumba kile. Sukari inapanda chumba kile. Na mwenye chumba hataki kuinuka juu ya sanduku.

Asubuhi yake, watoto wakiwa shule na Naimjon ameteremka sokoni, aliandaa birika la chai ya kijani, akachukua mtego mpya, akaenda kubisha hodi.

"Karibu, ikiwa umekuja peke yako," akasema Bibi Hosiyat.

"Nimekuja na mwenzangu." Munzifa alipanda kwenye kigoda, akautundika mtego kwenye msumari wa picha, wazi kabisa, juu ya sanduku. Hakutaka kupekua mgongoni kwa mtu aliyemzidi umri. Ikiwa kuna la kuonekana, na lionekane wote wawili wakiwepo. Kisha akateremka, akamimina chai, akakaa.

Walizungumza habari za bei ya makaa. Walimzungumza bibi harusi wa jirani, ambaye Bibi Hosiyat alisikia ana miguu mikubwa. Jua la dirishani lilikuwa limefika kwenye zulia. Nondo mmoja akajitokeza katikati ya magodoro, karibu kabisa na paja la bibi, akasimama ukingoni, akatikisa mabawa. Kisha akaruka juu, moja kwa moja, akaingia kwenye mtego.

Munzifa alimwongezea bibi chai.

Akatokea wa pili.

"Hao wanapita tu," akasema Bibi Hosiyat.

"Wanatoka chini yako, Mama."

"Labda wamechoka. Wamepumzika."

"Chini yako?"

"Mimi nina joto."

Munzifa aling'ata mdomo asicheke. Bibi Hosiyat aliushika ukingo wa shali, akauvuta, akauachia. Ghafla alionekana mdogo, kama mtu aliyeambiwa avue viatu mbele ya wageni na soksi yake imetoboka.

"Funga mlango," akasema.

Munzifa alimsaidia kuinuka. Waliondoa magodoro, wakafungua kufuli, wakanyanyua kifuniko, na nondo wakawapanda usoni kama majivu yaliyopulizwa. Juu kulikuwa na mfarishi wa hariri wa harusi. Chini ya mfarishi kulikuwa na vifuko, vingi, vimeshonwa kwa vipande vya magauni ya zamani, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa rangi yake. Munzifa alifungua kimoja. Aprikoti nyeusi za Vorukh, nzima kabisa. Alifungua kingine, na kilikuwa bonge moja la utando, linatembea.

"Huo wa uzi mwekundu ni wa mwaka jana," akasema Bibi Hosiyat kwa sauti ndogo. "Nilijua umeharibika. Sikupata pa kuutupa bila mtu kuona."

Kila gunia lililoingia nyumbani tangu katazo la daktari, alikuwa amelidokoa konzi moja. Alilidokoa akipita na fimbo yake, akijifanya anajinyoosha magoti.

"Unadhani ni uroho," akasema.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema. Sikiliza, mwana wa Konibodom. Mtu anateremka na punda kutoka Chorkuh, ananikuta nimekaa hapo uani, ananiambia, Bibi, mwaka huu zikoje? Nimjibu nini? Daktari amenikataza kujua? Sasa wanamwuliza Naimjon. Naimjon! Mtoto aliyekuwa anakula sabuni."

"Kwa hiyo ulikuwa unaonja."

"Moja moja."

"Moja kwa siku?"

Bibi Hosiyat alitazama dirishani. "Moja kwa kila mfuko."

Munzifa alivitazama vile vifuko. Aliiona tena siku ile ya majira ya kuchipua, yeye akimshika mwanamke huyu kwapani, uzito wake wote, kichwa kikimlegea begani, na ulimi ule mkali ukishindwa kutamka hata jina la mtu. Njia nzima ya hospitali alikuwa akiomba kwamba atukanwe, hata kidogo tu. Hasira ikampanda, na hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake kabla ya hapo.

"Ungekufa, Mama! Ungekufa, tena kwa ajili ya aprikoti za Surkh, ambazo hata si tamu!"

"Nani kakuambia si tamu?" Bibi Hosiyat akang'aka, macho yamemtoka. "Za mwaka huu? Zina ukakasi kidogo karibu na kokwa, halafu baadaye ndiyo utamu wenyewe unakuja, pole..." Akaushika mdomo wake kwa mkono.

Munzifa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameshika kifuniko cha sanduku, machozi yanamtoka, na hakujua yapi ni ya kicheko. Bibi Hosiyat alijaribu kukaza uso, akashindwa. Wakaketi sakafuni wote wawili, nondo wanawazungukia.

"Usimwambie Naimjon," akasema bibi, akijipangusa macho.

"Sasa nondo nitasema wametoka wapi?"

"Unga wa Konibodom."

"Mama!"

"Nimejaribu tu."

Mwishowe bibi alimwambia mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, kwa pumzi ileile aliyoombea chumvi. Naimjon aliweka kijiko chini. Alimtazama mama yake kwanza, kisha mkewe.

"Basi si unga," akasema.

"Si unga," akajibu Munzifa.

"Wala si upishi wako."

"Wala."

Naimjon aliinuka, akachukua ufagio, akaenda kulisafisha ghala peke yake, ufa kwa ufa, mpaka giza likaanza kuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, na Munzifa aliipokea. Alikwenda tu mara moja kumwonyesha kona aliyoisahau.

Vifuko vilivyooza walipewa kuku, ambao walianza na viwavi. Vilivyobaki vilipashwa katika tanuri la joto dogo, kisha vikachanganywa na mzigo wa kuliwa nyumbani. Magodoro yalilazwa nje kwenye barafu na kupigwa fimbo, sanduku likasuguliwa kwa siki, na maboksi ya Khujand yakachambuliwa tunda kwa tunda. Mtego wa chumbani uliachwa ukining'inia. Uliendelea kunasa, kisha ukapunguza, na kufikia mwisho wa baridi haukuwa na kitu. Bibi Hosiyat alisema anamwonea huruma huyo binti wa mpira, amevaa vizuri na hakuna anayekuja.

Munzifa alimpeleka kwa daktari, akamweleza yote. Bibi aliingia na madai ya aprikoti tatu kwa siku. Daktari akasema hapana. Walishindana kama watu wa sokoni, na wakatoka na nusu tunda, siku za kuonja tu, pamoja na kipande cha mkate, mtu akishuhudia.

Julai magunia yakateremka. Bibi Hosiyat alikalishwa kwenye kitanda kipana cha uani, shali jipya, kisu kidogo mbele yake. Mkulima mmoja wa Vorukh alifungua gunia lake, akavua kofia. Munzifa alichagua tunda, akalikata, akampa mama mkwe wake nusu. Bibi alifumba macho. Wanaume wote pale uani waliacha kuongea, na mmoja akamshika punda wake mdomo.

Alitafuna kwa muda mrefu kuliko nusu tunda linavyohitaji.

"Sina hakika," akasema, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo nusu nyingine, nipate uhakika."

Munzifa aliitia mdomoni mwake mwenyewe.

Watu wakaangua kicheko. Bibi Hosiyat alikisubiri kicheko kiishe, kisha akamtazama mkwe wake kwa macho madogo makali.

"Haya. Umeimeza, sasa sema. Ikoje?"

Munzifa hakuwa amejiandaa. Alihisi macho ya ua mzima. Akatafuna tena kilichobaki, akaufuata utamu mpaka ulipoishia, na mwisho wake akakuta kitu.

"Tamu," akasema. "Tamu kweli. Lakini zimekaa juani kupita kiasi. Ngozi imekaza."

Mkulima alimgeukia bibi, akingoja neno lake. Bibi Hosiyat alipangusa kisu kwa pindo la gauni.

"Umemsikia," akamwambia. Halafu akaongeza, kwa sauti ambayo hata waliokuwa langoni waliipata, kwamba ulimi huo ulifika hapa kutoka Konibodom ukiwa haujui kutofautisha aprikoti na kiazi.